Mrejesho Hasi

(Łódź, shule ya ufundi, darasa la jioni, Januari)

Kacper, kaa. Vua kofia,
theluji inachuruzikia daftari la mwenzio.
Najua umenuna. Msimamizi wa zamu
amekupa karatasi, na juu ya karatasi
ameandika kwa wino mwekundu: mrejesho hasi.
Umeibeba mfukoni kutwa nzima
kama jiwe ulilorushiwa.

Basi leo tuanze na neno hilo.

Nachora duara. Chaki imelowa, nivumilieni.
Hapa hita. Hapa chumba. Na hapa, katikati,
kijibati cha metali mbili zilizoshikana mgongo kwa mgongo.
Moja hutanuka haraka, mwenzake mzito,
kwa hiyo joto likizidi kijibati hujipinda,
na kujipinda kwake ndiko kukata umeme.
Chumba kikipoa, kinanyooka, kinagusa,
moto unarudi.
Hakuna mtu aliyeamka kitandani.
Kilichotoka kimerejea mlangoni
kumwambia aliyekituma: inatosha.
Kurejea huko ndiko kulikozaa neno.

Na hasi si tusi.
Hasi ni alama ya kutoa, kistari kimoja kilicholala.
Kumezidi? Toa ziada.
Kumepungua? Toa upungufu.
Mwili wako unafanya hivyo sasa hivi, Kacper,
unatokwa jasho ndani ya koti usilotaka kulivua.

Sasa chanya. Hilo mnalipenda, linanukia pongezi.
Mlikuwapo harusini kwa Jagoda,
kwenye ukumbi wa zimamoto,
baba mtu alipokamata maikrofoni
akaenda kusimama mbele ya spika?
Sauti ikatoka, ikaingia, ikatoka imenona,
ikaingia tena, ikawa ule mlio
uliomfanya bibi wa meza ya tatu
afunike supu yake kwa viganja.
Chanya ni hiyo:
ndiyo inayojibiwa na ndiyo
mpaka waya ziungue.

Nilikuwa na mume. Msiandike, haimo kwenye mtaala.
Glasi ilimwambia Zenon kwamba anaimba vizuri.
Akaimba. Tukapiga makofi.
Makofi yakaita glasi, glasi ikaita wimbo.
Miaka kumi na moja mimi, fundi wa vidhibiti,
mwenye cheti chenye muhuri wa serikali,
nilikuwa spika yake.
Siku niliyosema hapana
mshale ulikwisha kupita namba ya mwisho.

Ndiyo maana nawapa na hili, ingawa mtihani hauliulizi:
kuchelewa.
Mnalijua bafu la bwenini.
Maji baridi, unafungua ya moto, hayaji,
unafungua zaidi, halafu yanakuja yote kwa pamoja,
unaruka, unafunga, unaganda,
unafungua.
Hapana ilikuwamo ndani ya bomba muda wote,
ila ilikuwa njiani.
Hapana iliyochelewa haitulizi kitu,
inayumbisha tu, huku na huku,
kwa nguvu ileile ambayo ingetuliza.

Sijui kama yangu ingewahi.
Nimepiga hesabu mara nyingi,
kila mara napata jibu jingine.

Haya, itoe hiyo karatasi. Soma, kwa sauti.
"Vali namba nne imekazwa kupita kiasi.
Jumatatu ilegezwe robo mzunguko."

Robo mzunguko, Kacper.
Mtu amesimama mbele ya vali yako,
ameitazama mpaka akajua ni robo, si nusu,
akakuambia siku ileile.
Mimi ningeiweka kwenye fremu.

Mmesikia?
Tk.
Hita ya darasa hili imetukatalia,
na hakuna aliyenuna.
Ukurasa wa arobaini na mbili.
Na kofia, jamani, kofia.