Kituo cha Tatu

Kwenye hati ya mshahara wameandika: kocha msaidizi, wa muda.
Muda huo una miaka kumi na tisa.
Umeota mvi. Umesomesha watoto wawili
kwa nusu karo na maneno matamu kwa mhasibu.

Makocha wakuu nimewapokea wanne.
Wa kwanza alikuja na filimbi ya fedha, akaondoka nayo.
Wa pili, Bwana Tsofa, alikuwa mtu wa kandanda;
hadi anastaafu alidhani glavu ni ya mlinda lango.
Wa tatu alikuwa mwema, akafa.
Wa nne ni Dama,
niliyemwonyesha mimi namna ya kushika gongo,
na sasa ananiita Mwalimu mbele ya watu,
msaidizi kwenye karatasi.
Husemwa aliyeko juu mngoje chini.
Nimengoja. Wameshuka watatu,
hakuna aliyeniachia ngazi.
Sina kinyongo.

Ninacho kidogo. Nimekiweka guniani, chini ya glavu.

Alfajiri, kabla jua la Malindi halijaanza kudai deni lake,
nafungua stoo ya chuo.
Mipira ishirini na mmoja. Naihesabu kama kuku.
Jioni wakirudi ishirini, anayeingia kwenye mbigili
ni mimi na viatu vyangu vya kanisani.
Chokaa nakopa kwa mafundi wa Maweni.
Navuta mstari, nimeinama, narudi kinyumenyume,
na mbuzi wa Mama Kache wanaukata
kabla sijanyoosha mgongo.

Mechi ikianza kocha mkuu hukaa benchini, kivulini.
Mahali pangu ni pale, ubavuni mwa kituo cha tatu,
juani, ndani ya kisanduku nilichokichora mwenyewe.
Pale sisemi. Mwili ndio unaosema:
nikigusa sikio, subiri;
nikipangusa kiwiko, lambisha mpira tu, ufie miguuni;
nikishika ukosi kisha mshipi, iba.
Mengine yote, pua, kofia, paja, ni uongo
wa kuwachosha wale wa Kilifi
wanaonikodolea macho kama mganga.
Na mkimbiaji akitoka cha pili mbio,
hatazami mpira. Ananitazama mimi.
Mkono ukizunguka: nenda nyumbani.
Viganja viwili juu: koma hapo.
Ukiikamua kazi yangu yote haijazi kikombe:
sekunde, mkono, vumbi.

Fainali ya vyuo, mvua imenyesha usiku,
nilimzungushia mkono Mbeyu.
Akaniamini.
Hatua mbili kabla ya kibao
akaikuta glavu ya mdakaji kifuani mwake.
Daftarini nje yake iliandikwa kwa jina lake.
Najua, mwandishi nilikuwa mimi.
Usiku ule niliyapekua yale mafungu ya mistari,
hakuna safu ya kosa la msaidizi.

Juzi mkuu wa chuo kanimiminia chai, na maziwa.
Dama anahamia Voi. "Sasa ni zamu yako."
Nikaomba siku tatu.

Siku ya pili nipo sokoni, nanunua bamia.
Ng'ambo ya lami, Mbeyu, mtoto mgongoni,
tuktuk zinapita kama nyuki waliochokozwa.
Miaka sita hatujaonana.
Hakuniita. Hakupunga.
Alisimama ukingoni, akanitazama mikono.

Nikainua viganja viwili. Bamia zikamwagika.
Akasubiri.
Ikapita moja, ikapita ya pili, ya mizigo,
nami moyo ukinidunda kama siku ile,
hadi barabara ikawa nyeupe.
Nikazungusha mkono.

Akaja, akicheka, akaniokotea bamia,
moja moja, akizipangusa kwenye leso yake.
Ya fainali hakuyagusa. Nami sikuyagusa.
Mtoto alinishika sikio,
nikamwambia, ewe, hiyo maana yake subiri.

Kesho nampelekea mkuu wa chuo jibu,
ila kwanza nina swali:
hicho cheo, lazima mtu akae kivulini?