Kinga Haichagui

Jumamosi, Ngamiani, barabara ya kumi na sita,
nyuma ya duka la fotokopi la Shekivuli.
Mashine inapoa, harufu ya wino haijatoka.
Tunasukuma marimu ya karatasi, tunapata meza.
Mashujaa ni vifuniko vya soda.
Mnyama wa leo ni kifuu cha nazi.

Mimi ndiye mwendesha mchezo. Sheria zote
zimo katika daftari langu, kurasa arobaini.
Nimempa mnyama makao mapangoni Amboni,
nikamwandikia: magamba, kumi na nane;
kinga ya uchawi, kumi na tisa.
Nikalala usingizi mzuri.

Kiluwasha, fundi friji, ndiye mchawi wetu.
Akaita moto. Dadu ya pande ishirini ikazunguka,
ikagonga kikombe cha kahawa, ikatua kumi na moja.
"Moto unamfika," nikasema, "unamlamba, unateleza
kama maji juu ya jani la myugwa."
Akaita radi: saba.
Akaita barafu, na barafu ndiyo kazi yake:
kumi na nane. Pungufu ya moja!
Akaapa dadu yangu ina upande mzito.

Ndipo Mwanahija, mwalimu wa hesabu, akauliza:
"Jiwe la juu ya pango, likichomolewa kwa uchawi
kisha likaachiwa, linaanguka kama nini?"
Nikapekua daftari. Nikakuna kichwa.
Linaanguka kama jiwe.
Likaanguka. Halikuuliza kinga, liliuliza gamba,
na gamba likajibu kwa kupasuka.

Hapo mchezo ungekwisha, wagawane dhahabu, tule kachori.
Lakini Singano, mdogo wetu, kimya tangu alasiri
na mganga wake wa kifuniko cha buluu,
akasema: "Namtibu."
"Nani?"
"Huyo."

Nikarusha, maana sheria ni yangu.
Dawa ikamfika, ikamlamba, ikateleza.
Kinga haichagui. Haiujui mkono wa kupiga
mbali na mkono wa kupaka mafuta.
Namba niliiandika mimi. Hilo sikuliandika.

"Basi hana njia?"
Iko moja, ukurasa wa thelathini na mbili, kwa penseli:
mnyama aweza kuishusha kinga kwa hiari yake,
zamu moja tu.
Na katika zamu hiyo hupita kila kitu.
Kila kitu.

Tukamtazama Kiluwasha. Alikuwa na moto mmoja umebaki,
kifuniko chake kimegusana na kifuu.
Mlangoni mtu akabisha, anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa.
Hakuna aliyeinuka.

Sikurusha dadu.
Nilikishika kifuu kwa vidole viwili
nikakipindua polepole,
kikalala chali, kinayumba,
na weupe kidogo uliosazwa na mbuzi
ukaitazama balbu.

Kiluwasha akafungua kiganja.
Dadu ilikuwa imelowa jasho.