Pindo la Zambarau

Lenzi ya milimita mia nne, ya mitumba,
nilinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akihama Malindi
na mbwa wawili, friji, na deni la mlinzi.
Nikampelekea Kahindi Mwaro, fundi wa saa na miwani.
Akaichungulia kama mtu anayemtazama mtoto koo.
"Ukungu huu si neno. Ugonjwa wake ni rangi.
Nuru huingia moja, humu ndani ikatengana:
buluu hutangulia, nyekundu huchelewa,
kama watoto wa baba mmoja walioitwa chakulani.
Vioo vya bei huwakusanya. Hiki chako huwaachia."

Sikumwelewa mpaka nilipofika Gongoni.

Saa saba, jua utosini,
nimelala kifudifudi nyuma ya mswaki,
na ng'ambo ya mabwawa, mwendo wa mita mia sita,
lundo la chumvi, jeupe, weupe wa kuuma jino.
Wanawake wanalipanda na makarai.
Nikavuta karibu. Nikabofya.
Nikatazama: kila ukingo umetiwa pindo,
zambarau upande wa bahari, kijani upande wa barabara.
Karai lina pindo. Bega la dada yangu Mishi lina pindo.
Na miguu, ile niliyotumwa na wakili,
miguu isiyo na buti, visigino vimepasuka,
nayo imezungushiwa uzi, kidole kwa kidole,
utadhani chumvi iliona haya ikawapaka hina.

Nikalifinya tundu la nuru: kumi na moja, kumi na sita.
Uzi ukakonda. Haukukatika.

Ofisini karani wa kampuni akagonga picha kwa kalamu.
"Imechezewa hii. Nani ana miguu ya zambarau?"
Wakili akanigeukia.
Usiku ule ningaliweza kuifuta rangi, kazi ya dakika mbili,
ila ukishagusa kisigino umekigusa,
na mimi sikutaka mkono wangu uonekane pale.
Nikasema kwa maneno ya nyumbani:
"Bwana, leso waijua. Ina pindo, ina mji.
Pindo ni la kioo changu, kibovu, nakiri.
Wewe ingia katikati. Soma mji."

Akairudisha kwenye bahasha,
akaniuliza kama napiga pia harusi.

Jioni Mishi ameketi kibarazani,
miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu,
anaivuta picha karibu na taa, anaisogeza mbali.
"Rangi hii imenipenda," akacheka.
Kisha akanyamaza kidogo.
"Na jina je? Leso haikosi jina."

Nikatafuta chini ya nyayo zake,
pale ambapo maandishi hukaa.
Palikuwa chumvi tu.