Waya wa Kijani

Yorkton, Saskatchewan. Theluji ya kwanza ya Oktoba.
Bi Pelagia Dutka amenifungulia akiwa na makoti mawili,
moja lake, moja la kiume.
"Linawaka," akasema, "halafu linazima,
kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi."

Nikashuka chini, nikapiga goti mbele ya tanuru.
Gesi ikaja. Cheche. Mwali wa samawati, mzima, mzuri;
nikahesabu moja, mbili, tatu, nne,
tap.
Mara tatu hivyo hivyo, kisha likasusa.

Moto ulikuwepo, niliuona.
Bodi ndiyo haikuuona.
Bodi haina macho: hutuma chembe ya umeme
ipenye ndani ya mwali, ishukie kwenye bati,
irudi kwao, kwenye transfoma.
Isiporudi, hakuna moto. Gesi inafungwa.

Nikatoa mita.
Nyekundu kwa buluu: volti ishirini na sita. Haya.
Nyekundu kwa bati: kumi na moja… tisa… kumi na nne…
namba inarandaranda kama mgeni asiyejua mlango ni upi.

Transfoma mpya, kibandiko cha bei bado kipo.
"Aliifunga Osyp," akasema kutoka ngazini.
"Julai, kiyoyozi kilipogoma. Kikapuliza vizuri tu,
mpaka siku ile."

Kiyoyozi hakiulizi ardhi iko wapi.

Nyuma yake nikaukuta: waya wa kijani, urefu wa kidole,
ncha imevikwa mkanda mweusi, mizunguko mitatu,
umekatwa kwa mkasi, si kwa meno.
Aliuona wa ziada. Hakutaka umdhuru mtu.

Nikaubandua mkanda. Nikakwangua rangi ya bati
mpaka chuma kikang'aa, nikakaza skrubu,
waya wa buluu na sanduku la tanuru vikawa ndugu.
Sasa ule mwekundu ukichubuka ukagusa bati
fyuzi itakatika, na mtu atajua.
Jana ungegusa, ukanyamaza.

Nne. Tano. Sita.
Kwenye kumi na mbili niliacha kuhesabu.
Vumbi la kiangazi likaanza kunuka kwenye mabomba.

"Alikosea?"
Mkanda ulikuwa bado umenata kwenye kidole gumba.
"Mkanda aliufunga vizuri sana," nikasema.
Akanyoosha mkono. Nikampa.

Kwenye ankara niliandika: skrubu moja, dakika arobaini.
Dakika kumi kati ya hizo tulikuwa tumesimama tu,
tunausikiliza moto ukiendelea.