Karani wa Mizani

Kazini nasoma sindano: ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma,
lori limezidi, lori halijazidi, piga faini, pita.
Jumamosi napima vikombe.

Daftari ni la shule, kurasa tisini na sita,
twiga jaladani, kalamu imefungwa kwa uzi.

Sisimba, ujia wa nyuma ya duka la vitambaa, kwa Siwingwa.
Anakaanga mwenyewe, kwenye kikaango cha chapati,
moshi unampandia fundi cherehani wa ghorofani
anayekohoa, anayelaani, kisha anashuka na kikombe chake mkononi.
Kahawa nzito; mwishoni ulimi unakuta ganda la chungwa.
Benchi linayumba. Saba na nusu.
Nusu ni ya fundi.

Uyole, njia panda, kwa kijana asiyetaka kutaja jina.
Tangawizi imeifunika kahawa
kama wifi mwenye kelele kwenye harusi ya mwenzake.
Sita.
Ila alfajiri ya Juni, sakitu imetanda nyeupe juu ya viazi,
nikisema tisa, nani atanibishia?

Mwanjelwa kuna mashine ya Kitaliano,
inapiga miluzi kama treni iliyogoma kuondoka.
Mhudumu anachora jani juu ya povu la maziwa.
Jani zuri. Tano.
Nimekulia Igamba, majani ya mbuni nayajua,
nimeyapulizia dawa ya kutu, bomba likivuja mgongoni,
na jioni nyumbani tulikunywa chai.

Halafu Soweto, Agosti, upepo wa vumbi.
Meza tatu, pazia la maua, jina la duka limeandikwa kwa mkono,
herufi ya mwisho imebanwa, ukuta ulikwisha.
Tupokigwe alimimina mwenyewe, akasimama,
akausubiri uso wangu.
Niliandika: Kahawa imelala, na mwenyewe anaibembeleza. Tatu.

Ningeuacha mstari ule humo humo.
Lakini benchi la Siwingwa huuliza,
"Wiki hii nani kakwama mizani?"
nami nikawasomea.
Fundi cherehani alicheka hadi kikohozi kikasahau zamu yake.
Mstari ukashuka mtaa kwa mtaa, ukapanda bajaji,
ukafika Soweto kabla ya jua kuzama.

Oktoba, mlangoni pake wanauza makava ya simu.
Pazia ni lile lile.

Sikusema kitu. Nilisema tu maji yalikuwa mabovu,
kodi ya pango imepanda, biashara ndivyo ilivyo,
na hata hivyo nani husikiliza daftari la shule.
Kumbe nilisema sana.

Novemba, saa kumi na moja alfajiri, foleni ya malori
imeingia kwenye ukungu na kuendelea huko huko.
Humo ndani sauti ya mwanamke, chupa mbili za chai, ndoo ya vikombe:
"Kahawa iliyolala! Amkeni muiamshe!"
Madereva wanashusha vioo, wanacheka,
Mama Kulala, huku! Mama Kulala, viwili!
Mstari wangu ule. Ameufunga kamba shingoni kama mbuzi
na mbuzi anamfuata.

Akafika dirishani kwangu.
Akanitazama kama mimi nitazamavyo tairi.
Kahawa ilikuwa ya moto, chungu,
na nyuma ya uchungu kitu kama asali ya msituni,
au labda ni baridi tu iliyonichanganya.
"Mia tatu," alimwambia dereva aliyesimama nyuma yangu.
"Wewe, mia sita."
"Kwa nini?"
"Umezidi."
Nikalipa.

Lori lililofuata lilibeba kahawa ya Mbozi, magunia hadi juu,
inakwenda bandarini.
Sindano ikatulia. Nikaisoma. Nikaisoma tena.
Nikatoka nje, nikainama, nikaitazama ekseli kwa macho,
dereva akapiga honi.