Witiri na Shufwa

Nina visima elfu kumi na moja mia nne na sita.
Kila kisima nukta, kila nukta tarakimu mbili
na rangi: nyekundu, usinywe; kijani, kunywa.
Vijana wa baiskeli walipima sumu,
wakapaka bomba rangi mdomoni,
wakaandika mahali, wakapita.

Mimi nipo Sirajganj, ghorofa ya pili, juu ya duka la nyuzi,
feni ikizunguka umeme ukipenda.
Kazi yangu ni kuuliza swali moja
mara elfu kumi na moja na ushee:
wewe ni wa kata gani?

Siku ya kwanza nilikosea safu.
Longitudo nikaiita latitudo,
na visima vyote vikaruka
vikatua kwenye barafu, karibu na ncha ya dunia.
Shafquat alicheka hadi chai ikampalia:
"Nani atakwenda kuvuta bomba huko?"
Nikageuza safu. Vikarudi kimya kimya,
kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa.

Sheria yenyewe hata mtoto anaielewa.
Simama kwenye nukta. Nyoosha uzi kwenda mashariki
hadi mwisho wa ramani, nawe uhesabu
umekata mpaka mara ngapi.
Witiri, uko ndani.
Shufwa, uko nje;
kama uzi uliingia, basi ulitoka.
Ni hilo tu. Huulizwi baba yako nani.

Sekunde arobaini, visima vikapata kwao.
Isipokuwa thelathini na saba,
vyote katikati ya mto Jamuna, majini,
uzi wao umekata mpaka mara sifuri,
na sifuri ni shufwa.

"Futa," akasema Shafquat. "Kisima mtoni ni kosa la kifaa."
Lakini safu ya mwisho ilikuwa na namba za simu.

Akapokea mama mmoja, Komela Bewa.
"Kisima changu? Nimekiegemea hapa."
Upepo ulikuwa ukimjaa mdomoni.
Ramani yangu, kumbe, ni ya kabla ya mafuriko mawili.
Mto umekula kata yao, ukatema mchanga mbele,
nao wakafungua bomba, skrubu moja moja,
wakalipakia na mabati na mbuzi,
wakachimba upya. Mara ya nne sasa.

Nikauliza rangi. "Kijani," akasema, kwa fahari.
Ilipakwa wapi?
"Kule. Shimo la pili."
Na yule kijana wa baiskeli?
"Alikuja jua likizama. Aliona kijani, akaandika kijani."

Nikatazama nukta yake kwenye kioo,
tarakimu sita baada ya desimali,
sahihi hadi upana wa kiganja,
na chini yake maji ambayo hakuna aliyeyauliza kitu.

Nikaongeza safu. Nikaandika: haijapimwa.
Nikawapelekea wa baiskeli orodha ya thelathini na saba,
nikamwambia Shafquat hatufuti hata kimoja.

Yeye bado alikuwa kwenye simu.
"Basi, mwanangu, leo ninywe au nisinywe?"
Nikasema asinywe. Nikasema asubiri.
Ni rahisi kusema, ukiwa na jagi mezani.

"Cha jirani ni chekundu," akasema, akinifikiria.
"Ila chekundu, angalau, husema kweli."