Chukulia Chumvi Ni Safi

Swali la nne linaanza hivi:
"Chukulia kuwa chumvi hii ni safi."
Nalisoma kwa sauti, koroboi katikati yetu,
na mama, anayepepeta vumbi la Bahi kwenye ungo,
ananyanyua kichwa:
"Kwani nani kamwambia yangu chafu?"

Si yako, mama. Ni ya kitabuni.
Gramu mia moja na kumi na saba,
wanataka kujua ni moli ngapi.
Anauliza moli ni mdudu gani.
Nasema ni kama debe,
ila debe la vitu visivyoonekana;
Mwalimu Chilongani alituambia hivyo,
akafuta ubao, kengele ikalia.
"Visivyoonekana," anarudia. "Na mnunuzi analipa?"

Sodiamu, ishirini na tatu.
Klorini, thelathini na tano na nusu.
Nusu hiyo niliisahau Jumatatu
nikala kosa jekundu, refu kama reli ya kwenda Manyoni.
Leo naanza nayo.
Najumlisha, nagawanya
nyuma ya daftari la madeni,
chini ya jina la Mama Nyemo, kopo tatu, bado.

Mbili.
Mbili kamili, haina mkia.
Narudia hesabu kwa wasiwasi,
maana humu ndani hakuna kilichowahi kugawanyika
kisibakize kitu cha kugombaniwa.

Kiangazi chote mama kakwangua udongo mweupe mbugani,
kauchuja, kachemsha,
kuni zikaisha kabla ya maji,
akakopa kuni.
Hayo kitabu hakikuyauliza.

Hodi. Ni Mazoya wa jirani, na bakuli.
Mama anajaza kopo, analisawazisha kwa kiganja
mpaka likawa bapa kama jibu langu,
kisha anachota konzi nyingine, anaimwaga juu.

"Hiyo haimo kwenye mlinganyo," nasema.
"Kushoto lazima kulingane na kulia."
"Kulia," anasema, akimsindikiza mtoto kwa macho,
"kwao wanalia sita."

Naandika: moli mbili.
Napiga mstari chini yake, kwa rula.

Swali la tano: Maji magumu ni nini?
Hilo nalo namsomea.
Safari hii haulizi maana.
Anasogeza ungo kando,
ananyoosha viganja vyake karibu na mwanga,
vimepasuka, vyeupe kwenye mipasuko,
anavishikilia pale
mpaka nimalize kuandika.